Kikombe Kilichokatika Mkono

Yeyote ateremkaye asubuhi kwenda Silanga, kijiji kilicho ukingoni mwa Kibera upande wa Bwawa la Nairobi, akiwa hana haraka na masikio yake hayajazibwa na kelele za redio na pikipiki, atasikia kati ya sauti nyingi za mtaa ule sauti moja nyembamba ya chuma kikisuguliwa juu ya kitu kigumu, ikienda na kurudi kwa mizani isiyopotea, kama pumzi za mtu aliyelala. Siku moja niliifuata sauti hiyo hata nikafika kwenye meza ya mama muuza mboga, naye alikuwa ameshika kwa mkono wa kushoto kikombe cha kauri kilichokatika mkono, amekigeuza kinywa chini na tako juu, na kwa mkono wa kulia anapitisha kisu juu ya ile duara ya chini ambayo kiwandani haikupakwa rangi ya kung'aa, ikabaki kavu yenye kukwaruza. Nilimsalimu, nikamwuliza kwa nini asinunue kinoo cha dukani. Akanitazama kidogo, wala hakuiacha kazi yake. “Hiki ndicho kinoo changu, baba,” akasema. “Mkono ulikatika, kazi haikukatika. Chai hakishiki tena, lakini kisu kinakijua.”

Tangu siku ile nimezunguka mara kadhaa katika Silanga na Laini Saba na Makina, hata ng'ambo ya Kawangware, nikitazama jinsi watu wanavyonoa, na kadiri nilivyotazama ndivyo ilivyonithibitikia kwamba mambo haya, ambayo sisi wa mitaa yenye maji ya mfereji tumezoea kuyadharau kuwa ni hila za fukara, yanastahiki lile neno ambalo wazee wetu waliliweka kwa watu wenye akili timamu, yaani tadbiri: kupima haja, kupima kilichopo, kisha kuvikutanisha viwili hivyo pasi na israfu. Dai langu leo ni moja. Nasema kwamba kunoa kwa kilichopo ni ilimu kamili, yenye sababu zake na kanuni zake, na kwamba ilimu hiyo yapasa kuingizwa madarasani mwa watoto wetu, wa kike kwa wa kiume, kabla haijafa mikononi mwa hawa walio nayo.

Asiyejua maisha ya mitaa ile aweza kushangaa kwa nini kisu cha muuza mboga kipewe nafasi gazetini. Basi na ajue kwamba mama yule hauzi sukuma wiki peke yake. Auza na mkato. Mnunuzi arudipo jioni, miguu imechoka kwa mwendo mrefu kutoka eneo la viwanda, hasemi “nipe sukuma”, bali husema “nikatie ya ishirini”, na hapo mama huyakusanya majani, huyakunja kama mkeka, huyabana kwa vidole, na kisu hupita mbele ya vidole hivyo kwa kasi ambayo macho hayaifuati, zikatoka nyuzi za kijani nyembamba ambazo zitaiva sufuriani kwa dakika chache na kumpunguzia mwenye nyumba gharama ya makaa au mafuta ya taa. Kisu kikiwa butu, jani halikatwi, hupondwa. Maji yake humwagika mezani badala ya kuingia sufuriani, kingo zake husawijika kabla ya magharibi, na mnunuzi, bila kusema neno baya, huhamia meza ya jirani. Tena kisu butu hudai nguvu, na mkono unaotia nguvu ndio utelezao, kwa hiyo makovu mengi niliyoyaona vidoleni mwa akina mama wale, kila nilipouliza, yalitokana na visu vilivyokataa kukata, si na visu vikali. Hapo ndipo methali ya mwenye kisu kikali kuwa ndiye mla nyama inapoacha kuwa fumbo la barazani na kuwa hesabu ya riziki ya kila siku.

Na si mama muuza mboga peke yake. Fundi viatu aliye kwenye njia ya reli ana kisu alichokiunda mwenyewe kutokana na ubapa wa msumeno wa chuma uliovunjika, mpini wake ukiwa ni vipande vya mpira wa ndani wa tairi vilivyozongwa vikakazwa, na kukinoa kwake ni kwa namna mbili: kwanza juu ya kipande cha kabro, lile tofali la barabarani, ambacho hukificha chini ya kiti chake kama mtu afichaye hati za shamba, kisha juu ya upande wa ndani wa ngozi iliyobaki katika kushona, mara ishirini huku na mara ishirini kule, hata makali yakapata ule weupe usioonekana ila kwa kuinamisha kisu kwenye mwanga. Nilimwuliza nani alimfundisha. Alinijibu kwamba hakufundishwa ila alikaa miaka miwili miguuni pa mzee mmoja ambaye hakuwa mwingi wa maneno. Seremala wa vitanda hutandika msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akaulowesha, akaburura patasi na ulimi wa randa kwa kuvuta nyuma tu, kwa kuwa kioo ni sawasawa kuliko ubao wowote awezao kuupiga randa, na chuma kinacholala juu ya usawa hutoka na usawa. Misumeno yake huibana kati ya mbao mbili, akalipitia jino moja baada ya jingine kwa tupa ya pembe tatu, akiruka moja na kushika moja, kisha akageuza msumeno kuyarudia yale aliyoyaruka, kazi ya subira ambayo nimeiona ikimchukua asubuhi nzima. Mshonaji nguo aliyebaki bila mtu wa kumnolea hukunja msasa mara mbili au tatu, akaukata kwa mkasi wake kana kwamba anakata kitambaa, na mkasi, ingawa haurejei upya wake, hupata uhai wa siku kadhaa. Na wale mafundi wa Kibera wageuzao mifupa ya ng'ombe kuwa shanga na bangili zinazosafiri hata Ulaya, hao ndio wenye mtihani mkubwa kuliko wote, kwani mfupa una madini ndani yake, nao hula makali ya msumeno na tupa kuliko mti wowote.

Ningependa msomaji asidhani kwamba watu hawa hubahatisha. Nyuma ya kikombe na kabro na kioo kuna kanuni moja ambayo Friedrich Mohs, mwanachuoni wa madini, aliipanga mnamo mwaka wa 1812 alipoyatia mawe katika ngazi ya ugumu kuanzia 1 hadi 10, kwa kutazama lipi lakwaruza lipi. Chuma cha kisu cha jikoni hukaa kati ya 5 na 6 na nusu. Mchanga mweupe, ambao ndio uliomo ndani ya zege na kabro, hufikia 7, na udongo wa kauri uliochomwa kwa moto mkali huikaribia daraja hiyo. Ndiyo maana kikombe chaweza kukila kisu, ilhali kisu hakiwezi kukila kikombe, bali hukiachia alama za kijivu tu, nazo ni vumbi la chuma chenyewe. Kioo cha dirisha kiko chini zaidi, karibu na chuma, kwa hiyo dereva wa matatu anayepitisha kisu chake cha kumenyea machungwa juu ya ukingo wa kioo cha mlango, kilichoteremshwa nusu, hapunguzi chuma sana. Ananyoosha yale makali yaliyolala, kama vile mchinjaji anyooshavyo ya kwake kwa kile chuma kirefu cha mviringo. Kunyoosha ni kazi moja na kunoa ni nyingine. Mama yule wa Silanga, ambaye hajawahi kulisikia jina la Mohs, alinieleza tofauti hiyo kwa maneno yake: “Asubuhi nakiamsha tu. Jumamosi ndiyo nakinoa.”

Jambo la pili ni mwinamo. Kisu kikilazwa sana juu ya jiwe, makali hutoka membamba yakavunjika yakutanapo na mfupa. Kikisimamishwa sana, hutoka manene yasiyoingia. Mwinamo wa kisu cha jikoni ni baina ya digrii 15 na 20 kila upande, na kisu cha chuma laini cha bei nafuu huvumilia zaidi kidogo. Patasi ya seremala yataka 25 hadi 30. Waliozoea hawahitaji kipimo, mkono wao umekwisha kuwa ndio kipimo, lakini kwa mwanafunzi ipo njia ambayo nimeipenda mno kwa wepesi wake: chukua pembe ya karatasi ya daftari, ambayo ni digrii 90, ikunje nusu upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu, kisha isimamishe kando ya jiwe na kukilinganisha kisu nayo. Na akitaka kujua kama jiwe lagusa pale panapopaswa kuguswa, na apake makali masizi ya sufuria, apitishe mara mbili tatu, atazame: masizi yaliyobaki ndiyo yatakayomwambia kosa lake. Jambo la tatu, ambalo wengi hulikosa na kulaumu jiwe, ni kuendelea upande mmoja hata uzi mwembamba wa chuma ujikunje upande wa pili, uzi ambao jicho haliuoni ila kidole gumba huusikia kikipapasa kutoka bapani kwenda nje; ndipo ugeuze, ufanye vivyo hivyo, na mwisho uuondoe uzi ule kwa ngozi ya mkanda au kwa kadibodi. Pasipo uzi, hapajanolewa kitu. Fundi viatu alinishika kidole akanipapasisha, akangoja hata uso wangu ulipobadilika, ndipo akakiachia.

Mimi ni mtu wa pwani kwa malezi, na kunoa nilikuona kwanza kwa ami yangu, seremala katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambaye baada ya sala ya alfajiri, kabla hajaonja hata kahawa, hukaa juu ya kibao kifupi na kinoo chake kilichochimbika katikati kama mashua, akakidondoshea mafuta ya nazi na kuanza kulipitia tezo. Hakuruhusu mtoto kukigusa kinoo kile, lakini alituruhusu kutazama, na sasa naona kwamba kutazama huko kulikuwa ndiko kusoma. Kwake nilijifunza kwamba msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani yenye changarawe iliyogundishwa, ulikuwa na bado ni mti, ambao majani yake yana ukwaruzo kama ulimi wa paka, na mafundi wa zamani walisugulia kwa hayo mbao na pembe. Jina likahamia kwenye karatasi, na mti ukasahauliwa. Kwake nililisikia pia neno cherehe, jiwe la duara lizungushwalo, lililotufikia kutoka kwa Waajemi kwa njia ile ile ya bahari iliyotuletea cherehani. Watu wa mwambao huu chuma hawakukijua jana: al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka wa 1154, aliandika juu ya watu wa Malindi na machimbo yao ya chuma, akasema kuwa chuma hicho kilikuwa ndiyo biashara yao kubwa. Palipo na chuma pana kinoo. Na lugha iliyo na kinoo, cherehe, tupa, msasa, makali, ubutu, bapa na ncha ni lugha ya watu waliolifikiria jambo hili kwa karne nyingi, na sioni kwa nini watoto wake walisome kwa lugha nyingine, au wasilisome kabisa.

Hasara nayo imo njiani. Siku hizi, penye kona ya kila mtaa, yupo kijana mwenye grinda ya umeme, na watu humpelekea visu kwa kuwa ni upesi. Simlaumu kijana, maana anatafuta riziki na hakuna aliyemwonyesha, lakini ukweli na usemwe. Diski ndogo ya mashine ile huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika moja, na chuma chembamba cha makali kikiguswa nayo pasipo maji hupata moto kwa kufumba na kufumbua. Joto likipanda kuelekea digrii 300, chuma hugeuka rangi, kwanza manjano kama majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu, na ile buluu ambayo mwenye kisu huiona kama pambo ni dalili kwamba ugumu alioutia mhunzi kwa moto na maji umekwisha kutoka. Kisu hicho kitakata nywele jioni ile, na baada ya siku tatu kitakuwa butu kuliko kilivyokwenda. Mimi mwenyewe nilipeleka kwa fundi mmoja kisu cha marehemu mama yangu, kisu alichokatia kitunguu kwa miaka yote ninayoikumbuka, nikarudishiwa baada ya dakika moja kimepungua upana wa kidole na ncha yake imekuwa buluu. Sikugombana na mtu. Nilikifunga katika kitambaa, na mpaka leo sijapata moyo wa kukitumia wala wa kukitupa.

Bora kuliko huyo, na namsifu kwa moyo mweupe, ni yule mzee wa baiskeli apitaye mitaani, ambaye huisimamisha baiskeli yake juu ya miguu ya chuma, gurudumu la nyuma likaning'inia, akafunga mkanda kutoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye jiwe la duara lililo mbele yake, kisha akakaa na kukanyaga. Mwendo wa jiwe lake ni mwendo wa miguu yake. Akiona cheche zimekuwa nyingi hupunguza, akiona chuma chapata moto hukidondoshea maji kutoka kwenye chupa, na kwa kuwa hutumia nguvu zake mwenyewe hawezi kula chuma kuliko kiasi. Hiyo ni cherehe ya wazee wetu iliyopanda baiskeli.

Sasa nije kwenye shule. Mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza, watoto wa Kenya waliambiwa kwamba watajifunza kazi za mikono pamoja na vitabu, na wazazi wa mahali pengi walichanga fedha wakajenga vyumba vya ufundi. Lakini vyumba vingi vilikosa vifaa, na vifaa vilivyokuwako vilikuwa butu, kwa kuwa ratiba ilitaka mtoto atengeneze kigoda, nayo haikutaka ajue kwa nini patasi yake haiingii. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Leo tuna mtaala mwingine, unaojinadi kwa umilisi, na tangu mwaka wa 2023, Gredi ya 7 ilipoanza katika Sekondari Msingi, limo ndani yake somo la kuwaandaa watoto kwa ufundi. Naliunga mkono somo hilo. Lakini nimesikia walimu wakilalamika, na malalamiko yao ni ya haki, kwamba shule haina karakana, haina mashine, haina bajeti. Basi nawaomba walimu hao na wale walio juu yao wanaoandika mitaala waitazame Silanga. Kikombe kilichokatika mkono hakina bajeti. Kigae cha sakafu kilichovunjika, kikigeuzwa mgongo, ni jiwe la kunolea. Vipande viwili vya kabro vikisuguliwa kimoja kwa kingine na maji husawazishana hata vikawa bapa. Mkanda wa zamani ni ngozi ya kumalizia. Masizi yako jikoni na karatasi iko daftarini. Kwa vitu hivyo mwalimu atafundisha ugumu wa madini, atafundisha pembe na nusu ya pembe, atafundisha joto na rangi za chuma, na atafundisha jambo ambalo hakuna kitabu kilichoweza kulifundisha, nalo ni kungoja mpaka kidole kisikie. Na mwalimu wa kumsaidia asimtafute mbali. Amwite yule mama, ampe kiti mbele ya darasa, amlipe ujira wake wa asubuhi ile kama alipwavyo mgeni mwingine yeyote aletaye ilimu shuleni.

Wapo watakaosema kwamba nawapamba maskini kwa umaskini wao, na kwamba badala ya kusifu vikombe vilivyovunjika ningedai wapewe vinoo vya kweli. Na wapewe, sina neno. Kinoo cha pande mbili, upande wenye kukwaruza na upande laini, si kitu cha anasa, na serikali ya kaunti ambayo huwatoza ushuru wauzaji wa sokoni kila uchao ingeweza kuweka katika kila soko jiwe moja kubwa la wote, lililojengewa mahali pake penye kivuli na mfereji wa maji. Lakini nimeona vinoo vizuri vya dukani katika nyumba za watu wenye uwezo, vimekaa kabatini vikiwa vipya, wala hapana katika nyumba nzima mtu ajuaye upande wa kuanzia, na visu vyao vyote ni butu. Jiwe bila mkono ni uzito wa karatasi. Mkono ukishajua, jiwe litapatikana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitalikwepa. Aliyekuwako Kibera mwanzoni mwa mwaka wa 2008, siku zile za ghasia baada ya uchaguzi, reli ilipong'olewa na moshi ukafunika mabati, anaijua sauti ya panga likinolewa juu ya lami usiku, na anajua kwamba sauti ile haikuwa ya kukata sukuma wiki. Nimezungumza na watu ambao mpaka leo, wakisikia chuma kikikwaruza zege nje ya ukuta, huamka wakakaa kitandani. Je, tuwafundishe watoto wa mitaa hiyo kutia makali? Nimelifikiri swali hili kuliko mengine yote, na jibu langu ni ndiyo. Yule aliyekuwa akinoa usiku ule hakuhitaji mwalimu. Lami ilimtosha, na panga butu nalo huua. Kitu alichokikosa si ujuzi wa makali; alikosa kuliona panga kuwa ni chombo cha kazi chenye mwenyewe na heshima yake. Mtu aliyekaa juma zima akisawazisha patasi moja, akaijua kama ajuavyo sauti ya ndugu yake, akapata kwayo kitanda cha kuuza na karo ya mtoto, huyo ana kitu cha kulinda. Nao Waislamu wa Makina, wazao wa wale askari Wanubi waliopewa makazi katika eneo hili lililokuwa msitu mwanzoni mwa karne iliyopita, wanajua kila Idd ya kuchinja kwamba Mtume aliamrisha kisu kinolewe ili mnyama apumzishwe, na kwamba kisinolewe mbele ya macho yake. Sijaona mahali pengine ambapo makali yametajwa kwa karibu namna hii na rehema, na wala sijui somo bora zaidi la kumpa kijana wa miaka kumi na mitatu aliyekabidhiwa kisu kwa mara ya kwanza.

Juma lililopita nilirudi Silanga. Jina lenyewe la kijiji laelekeza majini, kwani Wakamba huliita silanga bwawa la kuchimbwa, na bwawa lipo chini pale, lililojengwa mwaka wa 1953, sasa limejaa magugu kuliko maji. Mama alikuwa mezani pake, na kando yake alikuwa amesimama binti yake, bado yumo katika sare ya shule, ameshika kile kikombe. Mama hakumshika mkono. Alikuwa akimsikiliza tu, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na kila sauti ya chuma ilipobadilika alisema “hapo umekisimamisha”, au “hapo umekilaza”, pasipo kutazama, huku akimhesabia mnunuzi chenji. Binti alipomaliza upande wa pili alikipangusa kisu kwa nguo, akachukua ukurasa wa gazeti kuukuu kutoka kwenye fungu la kufungia nyanya, akaushika kwa ncha mbili za vidole hata ukaning'inia, na kukiteremsha kisu juu ya ukingo wake. Karatasi iliingia nusu, ikakwama, ikachanika. Mama akamrudishia kikombe.